Mzee wetu alivaa kombati, leo dawa zake zinamfikiaje? (Sehemu ya 1 hadi ya 5)

SEHEMU YA 1: Mama na mwanajeshi mstaafu

Wiki hii chanjo na uji wa lishe vipumzike kidogo. Nataka tuongee kuhusu mtu ambaye wengi wenu mnaishi naye au mnamhudumia kila siku: baba mzazi, baba mkwe, babu au mjomba aliyekuwa jeshini na sasa amestaafu. Najua kuna atakayeuliza, "Nesi, hilo sisi wenye watoto wachanga linatuhusu nini?" Linawahusu sana. Twende taratibu.

Huku kwetu Kimbiji, tangu enzi tukiwa bado Temeke kabla Kigamboni haijawa wilaya, wazee wa namna hii wapo. Wengine walifuata viwanja na mashamba wakati bei ilikuwa ya kueleweka, wengine ni wenyeji waliorudi kwao. Wapo waliopigana vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalivamia kule mwishoni mwa Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka Aprili 1979. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati ule leo ameshavuka 65. Goti linauma, presha ipo, sukari ipo, usingizi hauji. Na anayejua kidonge cha asubuhi ni kipi na cha usiku ni kipi ni nani? Ni wewe, binti yake au mkwe wake, huku mtoto yuko mgongoni.

Maoni yangu nayaweka mezani mapema ili msije mkasema nazunguka. Hospitali yoyote inayohudumia wastaafu wa jeshi ipimwe kwa famasi yake, na mkuu wa famasi apimwe kwa swali moja: dawa ya mzee imefika nyumbani ikiwa sahihi, imetosha mpaka tarehe ya kurudi, na mtu wa nyumbani ameelewa namna ya kuitumia? Stoo inaweza kujaa mpaka darini na jibu bado likawa hapana.

SEHEMU YA 2: Nyuma ya lile dirisha kuna nini

Wengi tunamjua mfamasia kama sura nyuma ya kioo. Unapenyeza karatasi, unapewa bahasha imeandikwa 1x3, unaitwa mwingine. Lakini idara ya famasi ni kazi pana kuliko lile dirisha, na mkuu wake anabeba mambo ambayo mgonjwa hayaoni.

Kwanza anakisia. Mwezi uliopita vidonge vya presha vilitoka vingapi, mwezi ujao vitahitajika vingapi, wagonjwa wapya wa sukari wameongezeka kiasi gani. Akikosea makisio, miezi miwili baadaye mzee anaambiwa akanunue nje. Hospitali na vituo vya umma huagiza kutoka Bohari ya Dawa, ile tunayoiita MSD, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993. Bohari haiwezi kujua mahitaji ya hospitali yako kama hospitali yenyewe haijayahesabu.

Pili anapanga stoo ili dawa inayokaribia kuisha muda itoke kwanza. Dawa kama mofini, pethidini na diazepamu anazifungia kwa kufuli na kila kidonge kinaandikwa kwenye rejista. Tatu anakaa kwenye kamati ya dawa na tiba pamoja na madaktari na sisi wauguzi, tukikubaliana dawa zipi hospitali iwe nazo kwa kufuata mwongozo wa taifa wa matibabu. Nne, na hii ndiyo inayosahaulika, anasoma cheti cha daktari kwa jicho la kuhoji. Hizi mbili zinagongana. Dozi hii ni kubwa kwa figo za mtu wa miaka 70. Huyu ana dawa kama hiyohiyo kutoka kliniki nyingine.

Kwa mstaafu wa jeshi kuhoji huku kuna uzito zaidi, kwa sababu mzee huyu mara nyingi ana kliniki tatu au nne: mifupa kwa lile jeraha la zamani, presha, sukari, macho. Kila daktari anaandika za kwake. Mtu pekee anayeweza kuziona zote zikiwa pamoja kabla hazijaingia kwenye mfuko wa rambo ni mfamasia.

Halafu kuna umbali. Kwa Dar es Salaam, hospitali kubwa ya jeshi ni Hospitali Kuu ya Jeshi Lugalo, kule Kinondoni, ambayo inatibu wanajeshi, familia zao na sisi raia pia. Kutoka Kimbiji mzee anatoka alfajiri, anapita Kibada, anachagua Daraja la Nyerere au kivuko cha Feri, anabadilisha daladala mpaka Mwenge, ndipo afike. Sizungumzii hospitali fulani hapa. Hesabu ni ileile ukienda hospitali yoyote kubwa ya mjini: nauli ya mzee, nauli yako wewe unayemshika mkono, chakula cha mchana, na siku nzima ya biashara yako iliyolala. Mkiambiwa dawa moja haipo mrudi wiki ijayo, hela hiyo inatoka mara mbili. Mara nyingi safari ya pili haifanyiki. Mzee anakaa bila dawa ya presha, na baada ya muda tunaitwa tukamkute mdomo umepinda na mkono hauinuki. Nyumba kama hizo nimezitembelea. Kiharusi cha baba mkwe kinamrudisha mama kwenye nepi, safari hii za mtu mzima.

SEHEMU YA 3: Wenzetu wa Marekani, walipopatia na walipoharibu

Marekani wana mfumo mzima wa afya kwa ajili ya wanajeshi wastaafu peke yao, unaojulikana kwa herufi VA. Una hospitali takriban 170 na wastaafu zaidi ya milioni 9 wamejiandikisha. Nchi yao ina hela, najua, tusianze kujilinganisha kwa bajeti. Mimi nataka tuone watu walivyofanya kazi.

Mwaka 1992, muuguzi wa hospitali ya VA ya Topeka, jimbo la Kansas, anayeitwa Sue Kinnick, alikuwa anarudisha gari la kukodi. Mhudumu akaelekeza kifaa cha mkononi kwenye ile mistari myeusi, kama ya bidhaa za supamaketi, taarifa za gari zikatokea. Mama wa watu akajiuliza: kama gari linatambuliwa hivi, kwa nini mgonjwa na kidonge chake visitambuliwe hivihivi? Wakaanza kujaribu palepale Topeka. Mgonjwa anavaa utepe mkononi wenye mistari, dawa nayo ina mistari yake, nesi anaviskani vyote viwili kabla hajampa. Kama si dawa yake au si saa yake, kompyuta inamwambia simama. Kufikia mwaka 2000 hospitali zao zikawa zinatumia utaratibu huo nchi nzima.

Ninachotaka mkione ni hiki. Ili wazo la nesi lifanye kazi, famasi ilibidi ikubali kuweka alama kwenye kila dozi, moja moja. Hiyo ni kazi ya ziada, ya kuchosha. Wakuu wa famasi wangesema "haya ni mambo ya wodini, hayatuhusu", wazo lingekufa siku hiyohiyo. Kiongozi mzuri wa famasi anamsikiliza nesi, maana nesi ndiye anayeona kidonge kikiingia mdomoni.

Jambo la pili walilofanya ni la umbali. Tangu miaka ya 1990 VA wana vituo vikubwa vinavyofunga dawa kwa mashine na kuzituma kwa posta mpaka mlangoni kwa mstaafu. Takriban asilimia 80 ya dawa za wagonjwa wasiolazwa zinapita njia hiyo. Foleni ya dirishani inabaki kwa wenye haraka na wenye maswali.

Sasa upande wa pili, maana sipendi kuwasifia watu mpaka tukajidharau. Kwenye mfumo huohuo, hospitali ya Tomah, jimbo la Wisconsin, ilifika mahali wastaafu wenyewe wakaipa jina la utani la nchi ya pipi, kwa jinsi dawa kali za maumivu zilivyokuwa zikitolewa. Agosti 2014, aliyekuwa mwanajeshi wa Marines, Jason Simcakoski, miaka 35, alifia wodini hapo kwa mchanganyiko wa dawa alizoandikiwa. Aliacha mke na binti mdogo. Uchunguzi ulipofanyika ikajulikana kuwa walikuwepo wafamasia waliohoji vyeti vile, na kuhoji kwao hakukuwaletea mema. Mwaka 2016 Marekani ikapitisha sheria yenye jina la marehemu ili kubana utoaji wa dawa hizo kwa wastaafu.

Unaona tofauti ilipo? Nchi moja, hela zilezile, vifaa vilevile. Topeka mtu wa chini alisikilizwa. Tomah mtu aliyesema "hapana" aliachwa peke yake. Kazi ya mkuu wa famasi ni kusimama mbele ya yule mfamasia kijana anayemwambia daktari bingwa, "Daktari, naomba tuangalie tena hiki cheti." Kwenye mazingira ya jeshi, ambako vyeo vina uzito na mkubwa hapingwi hovyo, ujasiri huo unahitajika mara mbili. Kidonge hakijui nyota za begani.

SEHEMU YA 4: Tuombe nini huku kwetu

Mtasema, "Nesi, huku hata hizo dawa zenyewe shida, wewe unaleta mambo ya mashine." Sawa. Mambo manne ninayoyataka hayahitaji mashine.

La kwanza, dawa za miezi mitatu kwa mzee aliyetulia. Mzee ambaye presha yake imekaa vizuri, dozi haijabadilika, apewe za miezi mitatu badala ya kumpandisha daladala kila mwezi. Huu utaratibu tunao tayari. Kwenye kliniki za CTC wateja waliotulia wanapewa dawa za miezi mitatu, wengine hadi sita, na foleni zimepungua. Kwa nini mgonjwa wa presha asipate hivyohivyo? Najua jibu la wenye stoo: zitaisha haraka. Ukweli ni kwamba mzee hatakula vidonge vingi zaidi kwa mwaka. Kinachohitajika ni akiba kubwa kidogo ya kuanzia na makisio makini, na hapo ndipo tunamrudia mkuu wa famasi. Dawa za kufungiwa kwa kufuli zisiingie humo, na insulini iende kwa mzee mwenye mahali pa baridi pa kuitunza.

La pili, simu kabla ya safari. Idara ya famasi iwe na namba moja, na mtu wa kuipokea, mgonjwa wa mbali aulize: losatani ipo? Ndiyo au hapana. Vocha ya mia tano inaokoa siku nzima.

La tatu, bahasha iandikwe Kiswahili cha mtu wa kawaida. Hii 1x3 tumeizoea sisi wa hospitali. Bibi anasoma "moja mara tatu", anameza asubuhi, saa nne na saa sita mchana, anamaliza, anasubiri kesho. Iandikwe: kidonge kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku. Iandikwe ni ya nini: ya presha, ya sukari, ya maumivu. Mhuri wa mpira wenye jua na mwezi ungetosha.

La nne, kabla mzee hajaondoka, mtu mmoja wa famasi akae naye na anayemhudumia, wamwage mfuko wote mezani, dawa mpya na za zamani, wachambue. Dakika kumi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizindua kampeni ya dunia ya kupunguza madhara yanayotokana na makosa ya dawa, na moja ya mambo iliyosisitiza ni hili, wagonjwa wanaotumia dawa nyingi kwa pamoja. Pale kwenye mabango yanayosema mzee kwanza, mpishe, tuongeze kitu: mzee akishapishwa, aelezwe.

Wafamasia ni wachache, hilo nalijua, na wengi wanafanya kazi ya watu watatu. Ndiyo sababu nasema suala ni uongozi. Mkuu anayeamua kwamba kila Jumanne na Alhamisi mtu mmoja atoke dirishani akae na wazee ameongoza. Mkuu anayehesabu makasha tu ameshika funguo.

SEHEMU YA 5: Na wewe nyumbani

Sasa nageuka kwako mama, maana ukifunga mlango usiku, mkuu wa famasi wa nyumba hiyo ni wewe. Haya ni ya kushika.

Dawa za mzee na mtoto anayetambaa. Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Kidonge kimoja tu cha sukari aina ya glibenklamidi kinaweza kushusha sukari ya mtoto mdogo mpaka akapoteza fahamu. Vidonge vya presha kama nifedipini na amlodipini navyo ni hatari kubwa kwa mtoto, hata kimoja. Usiviweke chini ya mto wa babu, wala kwenye mkoba ulioning'inia kitini. Weka juu, ndani ya kopo lenye kifuniko. Mtoto akimeza, mkimbize hospitali hata kama anacheza, nenda na paketi ya dawa. Usimtapishe. Usiseme tusubiri tuone, sukari inaweza kushuka saa kadhaa baadaye.

Wewe mjamzito na presha ya baba mkwe. Kuna tabia ya kuazimana vidonge: "Na mimi kichwa kinaniuma, presha itakuwa imepanda, nipe kimoja." Enalaprili, kaptoprili na losatani zinaweza kuharibu figo za mtoto aliye tumboni. Presha ya mimba ina dawa zake. Nenda kliniki upimwe.

Goti la mzee na duka la dawa. Maduka ya dawa muhimu, ambayo wengine bado tunayaita dawa baridi, yametusaidia sana tangu mpango wake uanze Ruvuma mwaka 2003. Lakini muuzaji hajui mzee anameza nini kingine mpaka umwambie. Diklofenaki inayonunuliwa kila wiki kwa ajili ya goti inapandisha presha na inaumiza figo, hasa kama mzee anatumia pia losatani au enalaprili pamoja na dawa ya kukojoza. Sema dawa zake zote kabla hujanunua. Dawa ya usingizi nayo usimnunulie kwa kuomba tu, na isichanganywe na pombe hata kidogo.

Insulini kutoka mjini. Ibebwe kwenye chupa ya chai au chombo chenye ubaridi, isigusane na barafu. Ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka usiitumie. Kama nyumbani hakuna friji, mtungi wa udongo wenye maji kivulini unapunguza joto. Uliza famasi idumu siku ngapi ikishafunguliwa.

Karatasi moja. Chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa, andika jina la dawa, ya nini, saa ngapi, nani aliandika. Piga picha iwe kwenye simu. Nenda nayo kila kliniki na uiweke dirishani kabla hujapewa kitu. Ukiambiwa dawa haipo, uliza maswali mawili kwa upole: itaingia lini, na ipo nyingine inayofanya kazi hiyohiyo ambayo daktari anaweza kuniandikia? Na ukiona dawa yenye alama ya GOT inauzwa dukani, hiyo ni mali ya serikali, haitakiwi kuwa pale.

Mzee anaweza kukwambia, "Mimi nilikuwa mwanajeshi, sihitaji kushikiwa dawa." Usibishane naye. Mpe daftari alishike yeye, awe anaweka tiki, na wewe uangalie kwa mbali. Wazee hawa wanajua utaratibu kuliko sisi, ukimkabidhi kazi anaifanya.

Serikali kwenye Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mtu wa miaka 60 na kuendelea kuwa mzee anayestahili kuangaliwa. Kumwangalia mzee aliyeilinda nchi kunaanzia kwenye kidonge sahihi, kwa saa sahihi, bila yeye kulala njiani kukitafuta. Hilo si la kuombwa kama sadaka. Wakuu wa famasi mnaonisoma, najua mpo, tuambieni kwenye maoni hapo chini: kwenu miezi mitatu inawezekana? Kama haiwezekani, kinachokwamisha ni nini? Na ninyi mama, leteni maswali, lakini majina ya wazee wenu msiyaandike hadharani, semeni tu ni dawa gani na umri.

Wiki ijayo tunarudi kwa watoto: homa usiku na paracetamoli ya maji, kipimo kwa uzito. Usiku mwema.